Asili ya Kijiji cha Masasi

Msafiri atokaye Lindi, akipita Ndanda kuelekea magharibi, huona mbele yake milima ya mawe matupu. Chini ya mawe hayo ndipo palipo Masasi. Leo ni mji wenye soko na maghala ya korosho. Lakini ulianzia katika kijiji kidogo cha wakulima, nao wakulima hao walitoka Unguja.

Tena hawakuwa wenyeji wa Unguja. Wengi walikuwa watu wa bara waliotekwa, wakauzwa, kisha wakawekwa huru. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Basi Askofu Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu akaona yafaa watu hao warudishwe katika nchi walizotoka. Mwaka 1876 akashuka nao Lindi, wapata 55, wanaume kwa wanawake, nia yao kufika nchi za Nyasa. Walipofika Masasi, katika nchi ya Wamakua na Wayao, wakaona ardhi njema na maji, wakapenda kukaa. Wakafyeka, wakajenga, wakalima.

Miaka sita haijatimia, Septemba 1882, Wamagwangwara, ndio Wangoni wa Songea, wakawashambulia. Nyumba zikachomwa; wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Fikiri, msomaji, uchungu wa mtu aliyekwisha kufunguliwa minyororo, naye afungwa mara ya pili! Makao ya misheni yakahamishiwa Newala, kwa Sultani Matola. Huko juu palikuwa na salama zaidi, lakini maji yalikuwa ya taabu, maana wanawake walishuka genge refu kuyateka, kisha wakapanda na mitungi kichwani.

Baadaye makao ya Masasi yakajengwa tena. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, yakachomwa tena. Na mara hii pia watu wakajenga.

Sisi walimu huwafundisha watoto jina la Askofu Steere, nasi twafanya vema. Walakini kijiji hakisimami kwa jina la mtu mmoja. Masasi ilisimama kwa kuwa kila baada ya moto walikuwapo watu walioshika jembe tena. Basi mtoto akikuuliza, “Ni nani aliyeijenga Masasi?” usikome kwa Askofu, mtajie na wale 55 waliokuja kwa miguu.