Unatoka Visual Basic unaingia Java? Soma hapa kwanza

Mada ya leo ni ya wale ambao si wageni wa kuandika programu. We ushatengeneza mfumo wa duka kwa Visual Basic 6, au hesabu za skuli kwa Access, au tovuti kwa PHP ya kizamani, na inafanya kazi. Sasa unataka Java, unaambiwa ujifunze kuandika kwa klasi na vitu. Unafungua kitabu, kinaanza na mbwa na magari. Usingizi huo!

Kwa nini uhangaike? VB6 Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2008. Halafu tazama kitu kilicho karibu yetu, ripoti za vituo vya afya. DHIS ilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990 ikiwa juu ya Access, na hiyo ndiyo Zanzibar ilianza nayo katikati ya miaka ya 2000. DHIS2 ikaandikwa upya kwa Java, ikiongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kazi ilianza 2004, ikatumika kwanza Kerala, India, 2006, Kenya wakaieneza nchi nzima 2011, na sisi tukahamia huko. Eldoret mambo yale yale: mfumo wa wagonjwa wa Mosoriot wa 2001 ulikuwa wa Access, na OpenMRS iliyoanza kutumika kule 2006 ni ya Java. Msimbo wa mifumo yote miwili uko wazi kwa yeyote kuusoma. Usipoweza kuusoma, utabaki mjaza fomu, na wa kurekebisha atatoka nje ya kisiwa.

(Oslo huko huko ndiko wazo lenyewe lilikozaliwa. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza Simula miaka ya 1960 ili kuigiza foleni na mitambo ndani ya kompyuta.)

Haya, tuingie kazini. Ulikotoka, data ziko upande mmoja na amri upande mwengine. Kwenye Java data na amri zinazozihusu zinakaa nyumba moja. Klasi ni ramani ya nyumba, kitu ni nyumba yenyewe iliyojengwa.

Chukua kituo cha kununulia karafuu. Kwa mtindo wa zamani, salio la mkulima ni kigeu kilicho wazi, kila fomu inakigusa itakavyo. Siku salio likiharibika, unapekua mistari elfu tatu. Kwenye Java unaunda klasi ya Akaunti, salio unaliwekea neno "private", na milango inabaki miwili tu: pokea mzigo na lipa. Likikosea tena, unajua pa kwenda kutafuta. Hili peke yake linatosha kulipia usumbufu wa kuhama.

Pili, zile ngazi ndefu za "kama ni karafuu fanya hivi, kama ni makonyo fanya vile". Unaiandika kwenye risiti, unairudia kwenye ripoti ya siku, unairudia kwenye malipo. Ukiongeza mwani ukasahau sehemu moja, kuna mtu kapunjwa. Kwa vitu, kila bidhaa inajua kukokotoa thamani yake, kituo kinauliza tu. Lakini angalia usipitilize. Karafuu daraja la kwanza, la pili na la tatu hazihitaji klasi tatu. Kinachotofautiana ni bei, nayo ni namba tu ndani ya kitu. Klasi mpya ni pale njia ya kuhesabu yenyewe inapobadilika.

Na urithi, jamani! Wageni wa Java wanaupenda kupita kiasi. Utaona klasi Mtu, chini yake Mkulima na Mchumaji. Sasa hapa Pemba mtu ana mikarafuu yake, na wiki ijayo anachuma kwa jirani analipwa kwa pishi. Utamweka wapi? Bora Mtu awe na orodha ya kazi zake. Kitabu cha Design Patterns cha 1994 kilishashauri hivyo: jenga kitu kwa kuunganisha vitu vyengine kabla hujakimbilia urithi.

Mitego miwili inayowauma wazoefu hasa. Ukiandika a = b kwa vitu, hujanakili chochote, una majina mawili ya akaunti moja. Ukiingiza pesa kwa a, na b zimeingia. Aliyezoea rekodi za VB6 zinazojinakili, au PHP 4, ananaswa hapa (PHP yenyewe ilibadilika kwenye toleo la 5, 2004). Mtego wa pili ni kulinganisha majina kwa ==. Java inaangalia kama ni kitu kile kile, haisomi herufi. Mkulima yumo kwenye orodha, programu inasema hayumo. Tumia equals.

Halafu kuna dalili moja ya kujipima. Ukiona faili lako lina klasi moja tu na kila mstari una "static", umevaa kanzu ya Java lakini ndani bado ni Basic.

Kwa wanaolipia kwa saa: pakua BlueJ kwenye flashi, ni bure, inakuja na Java yake ndani, na ukishaiweka haitaki intaneti. Inakuonesha klasi kama visanduku, unabonyeza, kitu kinazaliwa mbele yako. Usianze na programu mpya. Chukua ile yako ya zamani, toa kigeu kimoja kinachoguswa na kila fomu, kifungie ndani ya klasi, uone ni sehemu ngapi zitapiga kelele.

Waliokwisha hama, semeni kwenye maoni mlikwama wapi.