Hazina za vifurushi: miaka 30 ya kuazimana msimbo

Kifurushi cha programu ni faili zilizofungwa pamoja: msimbo wenyewe, jina lake, namba ya toleo, leseni, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo bila hivyo msimbo huo haufanyi kazi. Anayetunga programu na kutaka ibane picha au isome hifadhidata haanzi tena kuandika kila kitu mwenyewe. Hutoa amri moja tu, na kompyuta yake hukifuata kifurushi kwenye hazina iliyoko mtandaoni, ikakileta pamoja na vyote kinavyovitegemea. Watunga programu vijana huuona utaratibu huu kuwa wa kawaida kama umeme wa ukutani, ingawa hazina ya kwanza iliyopangwa vizuri ina umri wa miaka thelathini na kidogo.

Katika miaka ya 1980 msimbo ulisafiri kwa kanda za sumaku zilizotumwa kwa posta, au uliwekwa kwenye seva za vyuo vikuu ili yeyote aupakue. Kuupata ndiko kulikokuwa kazi. Watumiaji wa TeX, programu ya kupanga maandishi iliyotungwa na Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, walikuta faili zilezile kwenye seva nyingi, kila moja ikiwa na toleo lake, na hakuna aliyejua lipi ni jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasimamizi wa seva tatu, za Ujerumani, Uingereza na Marekani, walikubaliana kuzipanga kwa mtindo mmoja na kuzifanya zifanane. Mtandao huo ukaitwa CTAN.

Wapenzi wa Perl, lugha iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987, waliliiga jambo hilo hadi jina. Toleo la 5 la Perl, lililotoka mwaka 1994, liliwezesha kuandika moduli zinazoweza kutumiwa na programu yoyote, na moduli zikaanza kumiminika. Oktoba 1995 Jarkko Hietaniemi wa Finland akafungua CPAN, na punde seva za nchi mbalimbali zikawa zinabeba nakala yake. Andreas König wa Ujerumani alitunga programu iliyofanya kazi yote kwa amri moja: kupakua moduli, kuijenga, kuipima na kuisakinisha.

Hilo la kuipima linastahili kutazamwa zaidi. Moduli ya CPAN kwa desturi ilikuja na majaribio yake, na tangu mwaka 1998 kikundi cha watu waliojitolea kiliyaendesha majaribio hayo kwenye kompyuta za kila aina kisha kikamwarifu mwandishi moduli yake ilikofaulu na ilikokwama. Hazina nyingi zilizofuata zilikuwa kubwa zaidi ya CPAN, lakini desturi hiyo ya kupimiana kazi ni chache zilizoichukua.

Debian, mfumo endeshi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulifuata njia nyingine. Humo mwandishi wa programu haweki kifurushi mwenyewe. Kati yake na mtumiaji husimama mtunzaji anayefahamika, ambaye huuchukua msimbo, huukagua, huufunga kwa kanuni za mradi na kuutia sahihi yake. Chombo cha APT, kilichoingia kwenye toleo la mwaka 1999, kilianza kutatua chenyewe mlolongo wa vifurushi vinavyotegemeana. Gharama ya njia hii ni uchelewaji: toleo jipya huweza kungoja miezi au hata miaka kabla ya kumfikia mtumiaji.

Hazina za lugha za programu hazikutaka kungoja. Ile ya Python, PyPI, ilianza mwaka 2003 ikiwa orodha ya majina tu, bila faili zenyewe. Baadhi waliiita Duka la Jibini, kutokana na kichekesho cha kundi la Monty Python kuhusu duka la jibini lisilo na jibini hata kipande. Ruby ikapata RubyGems mwaka 2004. Aliyebadilisha kipimo cha mambo ni Isaac Schlueter wa Marekani, aliyeanzisha npm mwaka 2010 kwa ajili ya JavaScript. Yeyote aliweza kuweka kifurushi bila kukaguliwa, na kila kifurushi kiliruhusiwa kubeba matoleo yake binafsi ya vile kinavyovitegemea, hivyo ugomvi wa matoleo ukapungua sana. Kwa kuwa JavaScript yenyewe ilikuwa na vifaa vichache vya msingi, watu walijaza mapengo kwa vifurushi vidogo vidogo, vingine vya kazi moja tu. Kufikia mwaka 2019 hazina hiyo ilikuwa imepita vifurushi milioni moja.

Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11, na kazi yake ilikuwa kuongeza herufi upande wa kushoto wa neno hadi litimize urefu unaotakiwa. Machi 2016 mwandishi wake, Azer Koçulu, alivutana na kampuni ya Kik juu ya jina la kifurushi chake kingine. Wasimamizi wa npm walipoipa kampuni jina hilo, aliondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Papo hapo programu nyingi duniani zikashindwa kujengwa, hata Babel, chombo cha kugeuza msimbo wa JavaScript ambacho wengi walikitumia bila kujua kwamba chini kabisa ya mlolongo wake wa vifurushi kuna left-pad. Wasimamizi walikirudisha siku hiyohiyo, kisha wakaweka kanuni za kuzuia mwandishi kuondoa ghafla kifurushi kinachotegemewa na wengine. Mwaka uliofuata kazi ile ikaingizwa ndani ya JavaScript.

Tukio la mwaka 2024 lilikuwa zito zaidi, maana liliugusa hata ukaguzi wa Debian. Maktaba ya kubana data iitwayo xz ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja nchini Finland, kwa kujitolea. Kuanzia mwaka 2021 mchangiaji aliyejiita Jia Tan alimsaidia kwa subira hadi akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 alificha mlango wa siri ndani ya faili za majaribio. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kumechelewa kwa nusu sekunde hivi. Akafuatilia, na tarehe 29 Machi akatoa tahadhari. Matoleo hayo yalikuwa tayari kwenye Debian ya majaribio, ila hayajafika kwenye toleo thabiti.

Hazina zimekuwa zikikaza kamba. Tangu Januari 2024 PyPI humtaka kila anayepakia kifurushi athibitishe utambulisho wake kwa hatua mbili. Debian nayo, tangu mwaka 2013, inaendeleza ujenzi unaorudiwa, ambapo mtu mwingine hujenga kifurushi upya kutoka msimbo chanzo na kulinganisha matokeo. Upande wa fedha, serikali ya Ujerumani ilianzisha Sovereign Tech Fund mwaka 2022 ili kuwalipa watunzaji wa programu huria za msingi, na curl, maktaba ya kuhamisha data iliyomo kwenye mabilioni ya vifaa, ni miongoni mwa zilizofadhiliwa mapema.