Ng'ombe wa Mahari na Kifungu cha 66

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina kifungu kifupi, cha 66, kinachotamka kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inamruhusu. Ni sheria ya Bara. Unguja na Pemba ndoa za Waislamu zilibaki kwa kadhi.

Huko Misungwi, kusini mwa mji wa Mwanza, kifungu hicho kilikuta mambo yaliyokwisha kuota mizizi. Kwa mila ya Kisukuma, ambayo Hans Cory aliinakili kitabuni mwaka 1953, mahari ni ng'ombe, na ndoa ikivunjika baba wa mke huweza kudaiwa awarudishe. Ng'ombe hao aghalabu hawapo tena zizini, wamekwisha kumwolea kaka mtu. Basi binti anapobisha hodi kwao usiku, jicho limevimba, baba anayemfungulia mlango ana huruma, lakini ana na hesabu. Wengi wamerudishwa kwa waume zao alfajiri kwa sababu ya hesabu hiyo, wala si kwa kukosa kupendwa.

Kifungu cha 66 kilikataza, ila hakikutaja adhabu. Aliyepigwa hana budi kuiendea Kanuni ya Adhabu na kumshitaki mtu anayewalisha wanawe. Akitaka talaka, kifungu cha 101 humtaka kwanza, isipokuwa kwa sababu za pekee, apite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Naye aliyepigwa husuluhishwa na aliyempiga, jambo gumu kulielewa. Kifungu cha 107 kinaukubali ukatili, wa mwili na wa moyo, kuwa ushahidi wa ndoa iliyovunjika. Lakini kipigo cha chumbani shahidi wake ni nani?

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ijapokuwa Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai. Tangu hapo anayeondoka ana cha kudai.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa wanawake 1,049 wa mjini Mwanza, jirani na Misungwi, ulikuta 61 katika kila 100 wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na wenzi wao. Zaidi ya robo ya wote, yaliwafika katika miezi 12 iliyotangulia.