Az-Zahrawi na Mshipa Uliokatika

Ndugu msomaji, katika mwezi huu mtukufu tumkumbuke mwanachuoni wa Andalusia, Abul-Qasim az-Zahrawi. Alizaliwa Madinat az-Zahra, jirani na Qurtuba, mnamo 936, akafariki 1013. Kitabu chake, At-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji.

Humo alieleza la kufanya ateri ikikatika, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni. Kwanza, wahi kuugandamiza kwa kidole. Kisha kuna njia nne: kuuchoma kwa chuma cha moto, kuumalizia kuukata ili ncha zijivute ndani, kuufunga kwa uzi, au kuweka dawa na kukaza kitambaa.

Kufunga kuliokoa roho, lakini kiungo kilikosa damu. Mfaransa Alexis Carrel alionyesha mwaka 1902 namna ya kushona mishipa, akapata tuzo ya Nobel 1912. Hata hivyo, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, karibu nusu ya askari wa Marekani waliofungwa ateri kubwa walikatwa kiungo. Kwa nini? Wengi walifika kwa daktari wakiwa wamechelewa. Katika vita vya Korea (1950–1953) majeruhi walifikishwa upesi, ateri zikashonwa, na waliokatwa wakashuka hadi kama 13 kwa kila 100.

Sasa turudi kwetu Saboti. Panga limeteleza shambani, au bodaboda imeanguka watu wakikimbilia futari. Daktari atatafuta mapigo chini ya jeraha. Yakikosekana, mguu ukawa baridi, umepauka na una ganzi, basi ateri imeumia. Hata goti likiteguka, ateri yaweza kuchanika ndani bila tone la damu nje. Daktari mpasuaji huondoa kipande kilichoharibika na kuunganisha ncha. Pengo likiwa kubwa, huazima vena ya mguu wa pili.

Lakini nyama isiyopata damu huanza kufa baada ya takriban masaa 6, na kutoka Kitale hadi hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, ni kama kilomita 70. Kwa hiyo vijana, tusimwage mafuta ya taa wala majani ya chai kwenye jeraha, wala tusingoje kupambazuke. Gandamiza kwa kitambaa safi, usiachie, safari ianze. Na mkifika muulizeni daktari: "Mapigo ya chini yapo?"