Heshima ya Muuguzi Kandokando ya Ziwa

Njia itokayo Mwanza mjini kwenda Igombe hupita Kirumba na Pasiansi, ikafuata nchi ya majabali, na ziwa likawa upande wa kushoto wa msafiri. Nchi hiyo ni ya Ilemela. Wakazi wake ni wavuvi, wakulima, wachuuzi na watumishi, na kwa wengi wao serikali haina sura iliyo karibu kuliko shule na zahanati. Mkuu wa idara hukaa mbali, na daktari bingwa hukaa mbali zaidi, lakini muuguzi yupo. Usiku mtu aletwapo na ndugu zake, anavuja damu au ameshikwa na uchungu wa uzazi, mlango hugongwa na afunguaye ni muuguzi. Dawa ikiwapo, husifiwa daktari. Isipokuwapo, hutukanwa muuguzi. Mara nyingine matusi hufuatwa na mkono.

Watu hutoa sababu mbili za jambo hili. Wauguzi husema kwamba watu wa siku hizi hawana adabu. Watu husema kwamba wauguzi wana kiburi. Kila upande una ushahidi wake. Walakini sababu hizo hazielezi kwa nini mkono umwangukie yule asiyeagiza dawa, asiyepanga malipo, asiyeajiri madaktari wala kuwahamisha. Jibu la swali hilo limo katika ngazi aliyowekwa muuguzi tangu kazi yake ilipoletwa katika nchi hii, na katika neno moja jema ambalo limetumiwa kumnyamazisha.

Usukuma haukuwa nchi isiyo na matabibu. Mganga, ambaye Wasukuma humwita nfumu, alimpokea mgonjwa nyumbani kwake. Masharti yalikuwa yake, malipo aliyataja mwenyewe, na dawa ilikuwa mkononi mwake. Aliyeugusa mwili wa mgonjwa na aliyekuwa na amri juu ya tiba alikuwa mtu mmoja. Hali kadhalika mkunga: aliitwa usiku kwa sababu ya umri na ujuzi wake, na wengine wakangoja neno lake. Watu wa kale hawakuwa malaika. Ila kumwinulia mkono mtu wa namna hiyo kulikuwa kugumu, maana kazi yake na heshima yake vilikaa mahali pamoja.

Hospitali ilivitenga vitu hivyo viwili. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883, na katika misheni za namna hiyo masista waliokuja baadaye walifunga vidonda na kulea watoto pamoja na kufundisha dini. Walikuwa wameweka nadhiri. Hawakuwa na waume wala mshahara wa kudai, na taabu waliyoipata waliihesabu kuwa sadaka. Kutoka kwao, na kutoka kwa desturi ya Waingereza ya kumwita msimamizi wa wodi kwa jina hilo hilo, muuguzi wa kike wa Tanzania alirithi jina la sista. Pamoja na jina alirithi neno wito. Ni neno zuri, na wengi wamelitimiza kwa maisha yao yote. Lakini nadhiri ya mtawa ilikuwa ya hiari yake. Mfanyakazi wa mshahara alivikwa masharti yake bila kuulizwa.

Waingereza walioutwaa mji wa Mwanza mwaka 1916 waliongeza ngazi. Juu alikaa daktari wa Kizungu. Chini yake wasaidizi wake. Chini kabisa alikaa dresa, yaani mfunga vidonda, naye aghalabu alikuwa mwanamume Mwafrika. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji ulikua na wagonjwa wakaongezeka, lakini ngazi haikubadilika. Dresa ndiye aliyemwosha mgonjwa, ndiye aliyejua lugha yake, ndiye aliyemweleza kwamba arudi kesho. Amri haikuwa yake, ila sauti iliyoitangaza ilikuwa yake. Hivyo mgonjwa alizoea kuisikia serikali katika kinywa cha mtu asiye na mamlaka yoyote, na dresa alizoea kulaumiwa kutoka pande mbili: juu na bwana mkubwa, na mbele na ndugu wa mgonjwa.

Mwaka 1952 ilitungwa sheria ya kusajili wauguzi na wakunga, na kazi ikaanza kupata umbo la taaluma. Wasichana waliingia kidogo kidogo. Wazazi wengi walisita, maana binti asiyeolewa angekesha usiku kati ya watu asiowajua na kuwaosha wanaume wasio ndugu zake. Ili kuwatuliza wazazi, vyuo viliweka mabweni, kengele, sare na matroni mkali. Ulinzi huo ulikuwa na faida yake, lakini ulimfundisha msichana kwamba likimpata jambo la aibu, swali la kwanza litakuwa juu ya mwenendo wake mwenyewe. Leo kazi hii ni ya wanawake zaidi kuliko wanaume karibu kila mahali: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 iliwahesabu wauguzi milioni 27.9 ulimwenguni, na 9 katika kila 10 walikuwa wanawake. Ngazi ya dresa ilibaki pale pale. Aliyesimama juu yake ndiye aliyebadilika.

Uhuru ulileta ahadi kubwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati zilifika vijijini na tiba ikatolewa bila malipo. Mwaka 1971 hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki kwa msaada wa Misereor ya Ujerumani, ilianza kazi juu ya kilima chake, na wagonjwa wa mikoa ya ziwa wakawa na mahali pa rufaa. Muuguzi wa miaka hiyo alikuwa mjumbe wa habari njema. Kisha uchumi ulidhoofika, na mwaka 1993 serikali ilianza kudai wagonjwa wachangie gharama katika hospitali zake. Sera hiyo ilipangwa Dar es Salaam, lakini mgonjwa wa Mwanza aliisikia wodini. Aliyemwambia mjane kwamba bomba la sindano na glovu sharti zinunuliwe hakuwa waziri. Alikuwa yule yule sista ambaye miaka michache nyuma alimpa vyote bure. Wengi waliamini kwamba amevificha ili auze, na kwa kuwa kweli walikuwako waliouza, mwaminifu hakuwa na namna ya kujitetea.

Hasara ya kuvunjika kwa imani hiyo yaweza kupimwa kwa kutazama faida yake ilipokuwapo. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa vijijini katika mkoa wa Mwanza, pamoja na vijiji vya ufukoni na visiwani. Watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu vizuri maradhi ya zinaa na wakapewa dawa za kutosha. Maambukizo mapya ya virusi vya ukimwi yakapungua kwa kadiri ya asilimia 40. Dunia nzima iliusoma uchunguzi huo. Kazi iliyouletea sifa ilifanywa na watu wa ngazi ya chini, katika vyumba vidogo ambamo mgonjwa alikubali kufunua aibu yake. Mahali ambapo mtumishi hupigwa, siri ya namna hiyo haifunuliwi.

Mkono wa ndugu wa mgonjwa, hata hivyo, si mkono pekee. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliwapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe kizuizini hadi saa 48. Ilikusudiwa kulinda amani. Katika miaka iliyofuata mwaka 2015 ilisikika mara kadhaa, katika sehemu mbalimbali za Tanzania, kwamba madaktari na wauguzi wamewekwa ndani kwa amri ya namna hiyo kwa sababu ya kuchelewa au ya malalamiko ya mgonjwa, na chama cha madaktari kilipinga hadharani. Mtumishi mzembe hana budi kuadhibiwa, lakini kuna baraza la taaluma na kuna mahakama. Mwananchi aonapo muuguzi akitolewa wodini mbele ya watu, hujifunza kwamba mtu huyu yafaa kushikwa kwanza na kuulizwa baadaye.

Tena kuna mkono wa ndani, ambao ndio mgumu kutajwa: mkubwa wa kazi anayetaka mwili wa mdogo wake kabla ya kumpa zamu nzuri, uhamisho au ruhusa ya kwenda masomoni, au mwenzake wa kazi anayemvizia penye giza. Mfano mchungu zaidi watoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Tarehe 27 Novemba 1973, katika hospitali ya King Edward Memorial mjini Mumbai, muuguzi Aruna Shanbaug alishambuliwa na mfagizi wa hospitali hiyo hiyo, akanyongwa kwa mnyororo wa mbwa na kunajisiwa. Hakupata tena fahamu zake. Mshambuliaji alihukumiwa kifungo kwa kosa la kupiga na kuiba. Ubaya wa kijinsia haukuwekwa katika hukumu. Wauguzi wa hospitali hiyo walimlea mwenzao kwa zamu, kizazi baada ya kizazi, hadi alipofariki mwaka 2015. Miaka 41 ya uuguzi mwema haikufuta neno lililoachwa katika hukumu.

Idadi ya mambo haya hujulikana pale tu watu wanapoulizwa kwa siri. Uchunguzi wa nchi mbalimbali uliotangazwa mwaka 2002 uliwakuta watumishi wa afya 61 katika kila 100 wa Afrika Kusini wakisema kwamba walipatwa na ukatili wa mwili au wa nafsi katika mwaka mmoja. Katika Rwanda, nchi jirani ya mikoa ya ziwa, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulikuta 39 katika kila 100.

Haki haitaki kuficha upande wa pili. Wagonjwa nao huumizwa. Katika uchunguzi wa mkoa wa Tanga uliotangazwa mwaka 2014, akina mama 19 katika kila 100 walisema, walipokuwa wakitoka kujifungua, kwamba walitendewa bila heshima. Walipoulizwa tena nyumbani majuma kadhaa baadaye, walikuwa 28. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni hofu. Mama hakuthubutu kusema akiwa bado mbele ya muuguzi, kama vile muuguzi asivyothubutu kusema mbele ya mkubwa wake. Ngazi ni ile ile: apigwaye kutoka juu humtafuta aliye chini yake. Kwa hiyo atakaye mama wa Kayenze aheshimiwe kitandani, lazima amtake pia muuguzi wake aheshimiwe kazini.

Sheria haikosekani. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliifanya bughudha ya kijinsia kuwa jinai. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 ilikataza bughudha kazini na kuihesabu kuwa ubaguzi. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 iliitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na bughudha kazini. Upungufu uko katika njia ya kuzifikia. Muuguzi aliyepigwa hana budi kupeleka habari kwa msimamizi, naye msimamizi kwa mganga mfawidhi. Na ikiwa mkosaji ndiye mmoja wa hao, habari humrudia mwenyewe. Hapo ndipo neno wito hutumika vibaya. Huambiwa: vumilia, kazi hii ni wito. Aliyeitwa auguze hakuitwa apigwe.

Mwaka 2012 Ilemela ilipata halmashauri yake, na tangu hapo wilaya imejenga hospitali yake Isanzu, katika kata ya Bugogwa, ili watu wa ufukoni wasilazimike kila mara kuvuka mji kufuata tiba. Kuta mpya ni fursa ya kuanza desturi mpya: watumishi wawili katika zamu ya usiku mahali pa mmoja; ubao mlangoni usemao ni dawa gani imekwisha na nani wa kuulizwa; na mahali pa kupeleka malalamiko, ya muuguzi na ya mgonjwa, pasipo mikononi mwa mkubwa wa kituo. Hayo ni mambo madogo, na hakuna hata moja linalohitaji daktari bingwa. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wauguzi, ambao kazi yao ni kuwasihi watu waseme wapi panauma, wamefichishwa maumivu yao kwa muda mrefu kuliko wagonjwa wao wote.