Benzi Kuukuu na Mkono wa Fundi

Gari linapofika Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya katika Wilaya ya Mkinga, mtu wa forodha hashughuliki na rangi wala ulaini wa viti. Hutaka kadi, kisha hulinganisha namba ya chasisi na ya injini. Zikipatana na kadi, safari inaendelea Lungalunga hadi Mombasa. Zisipopatana, maswali yanaanza. Mtu anayetaka kujua historia ya gari la kifahari la zamani naye hana budi aanzie hapo hapo, maana katika magari kuukuu ya Afrika Mashariki, mara nyingi namba hizo mbili hazikuzaliwa pamoja.

Tuchukue mfano wa Mercedes-Benz 219. Gari hilo lilitengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1956 hadi 1959. Lenyewe tangu kiwandani lilikuwa mchanganyiko: injini ya silinda 6, ya lita 2.2, ilitoka kwa ndugu zake wakubwa, lakini sehemu kubwa ya bodi ilikuwa ile ya Benzi ndogo za silinda 4. Injini ilianza na nguvu za farasi 85, na mwaka 1957 ikaongezwa kufika 90. Aliyetaka kulipa zaidi aliweza kupata klachi ya kujiendesha, akabadili gia bila kukanyaga pedali. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kubadilisha gari ni utundu wa Waafrika. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sifa ya gari hilo huku kwetu ililetwa na mashindano. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalipangwa madaraja kwa bei ya dukani, na yalitakiwa yawe kama yale anayouziwa mteja wa kawaida. Bill Fritschy alishinda kwa Mercedes 219 mwaka 1959, akashinda tena mwaka 1960. Mwaka 1961 John Manussis akashinda kwa Mercedes 220SE. Matope na mashimo yetu yakawa tangazo ambalo Wajerumani wasingeweza kulinunua kwa fedha.

Baada ya uhuru jina la Benzi lilipata maana nyingine. Wananchi waliwaita wakubwa wapya Wabenzi, kana kwamba ni kabila lililohamia mjini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Benzi haikutajwa miongoni mwa makatazo hayo, lakini tangu hapo aliyeshuka kutoka humo alijua kwamba anatazamwa.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo, ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 kuanzia mlango wa mto Umba, uliwatenga tena Wadigo wa pande mbili. Magari ya Kenya yaliyokutwa upande wetu yalizuiwa. Horohoro ikanyamaza hadi Novemba 1983, mpaka ulipofunguliwa.

Katika miaka hiyo fedha za kigeni zilikuwa haba, na spea zikawa haba kuliko fedha. Hapo ndipo gereji bubu, zile za chini ya mwembe zisizo na kibao, zilipoonyesha thamani yake. Fundi alikereza chuma akapata bushi, alikata mpira wa tairi akaziba panapogonga, alitoa kabureta ya gari hili akaitia katika lile. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, magari ya Kijapani yakaongezeka, na injini zake zikaanza kuhamia ndani ya bodi za Kijerumani. Wenye kupenda fahari walisikitika. Lakini gari lililokuwa likingojea kuwa chuma chakavu lilipeleka wagonjwa hospitali na maharusi ukumbini.

Sasa magari hayo yametafutwa upya. Tangu mwaka 2003 yapo mashindano ya East African Safari Classic, ya magari ya zamani tu, na wapo watu wenye fedha wanaozunguka kutafuta Benzi zilizosahauliwa uani. Nia yao ni njema: kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani. Lakini hapo ndipo penye hatari. Mtu akiisha kung'oa kila kilichotiwa na fundi wa Tanga au Mombasa, anabaki na gari la mwaka 1958 ambalo ni kama halikuwahi kuishi Afrika. Miaka 60 imefutwa kwa spana.

Sisemi injini ya Kijapani isiondolewe kamwe. Nasema kabla haijaondolewa, ipigwe picha. Kadi ya zamani isichomwe, hata kama namba zake zinamtia mtu wa forodha mashaka. Bushi iliyokerezwa kwa mkono ihifadhiwe ndani ya kopo na iandikwe jina la aliyeikereza, akiwa bado hai wa kuulizwa. Mafundi wa miaka ya 1970 ni wazee sasa, na wengi wao hawakuandika neno. Maandishi yao ni yale yaliyomo chini ya boneti.

Makumbusho za Ulaya zinazo Benzi 219 zilizo safi kuliko zetu zote, na hatutazishinda kwa usafi. Lakini hazina iliyovuka mwaka 1977 kwa bushi ya kukereza. Hiyo ipo kwetu tu, na anayeimiliki aelewe anachokishika kabla hajamwita fundi wa kuifumua.