Pambano Huanzia Kichwani: Mabondia wa Kampala na Vita vya Akili

Usiku wa Machi 10, 1986, John Mugabi wa Kampala alipanda ulingoni nje ya hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas, kuwania ubingwa wa dunia wa uzito wa kati. Wiki sita kabla ya hapo jeshi la NRA lilikuwa limeiteka Kampala, na Uganda ilikuwa imepata serikali mpya. Mugabi alikuwa na miaka 26. Tangu aingie kwenye ngumi za kulipwa alikuwa hajawahi kushindwa, na hakuna mpinzani aliyewahi kumaliza raundi zote akiwa naye. Wote aliwasimamisha njiani. Walimwita Mnyama. Jina hilo lilikuwa likimfanyia nusu ya kazi kabla ya kengele kulia.

Mpinzani wake, Marvin Hagler, alikuwa bingwa tangu 1980. Kila mtu aliyefuatilia ngumi alimjua Hagler kuwa mpiganaji wa mkono wa kushoto. Kengele ilipolia, akatoka na mguu wa kushoto mbele, kama mtu wa mkono wa kulia. Kwa mtazamaji aliyeketi mbali ni jambo dogo. Kwa aliye ulingoni, kila alichokifanyia mazoezi kwa miezi kadhaa kimegeuka: ngumi aliyoitarajia upande huu inatokea upande ule, na njia ya kuukwepa mkono mzito si ile tena. Pambano lenyewe lilikuwa lipigwe Novemba 1985, likaahirishwa baada ya Hagler kuumia, kwa hiyo Mugabi alikuwa amebeba maandalizi yake kwa miezi minne ya ziada.

Miezi kumi na moja nyuma Hagler alikuwa amemvamia Thomas Hearns na kummaliza katika raundi tatu za moto. Safari hii hakuvamia. Alipokea, akasogea, akapima. Mugabi alimpiga ngumi ambazo kwa watu wengine zingetosha, na Hagler akabaki wima. Katika raundi ya sita wawili hao walibadilishana makonde mfululizo, na aliyetoka amechoka zaidi ni Mugabi. Raundi ya kumi na moja akaanguka, akakaa sakafuni, na mwamuzi Mills Lane akahesabu hadi kumi.

Nimelitazama pambano hilo mara nyingi, na sikubaliani na wanaosema Mugabi aliishiwa nguvu tu. Nguvu alikuwa nazo hadi mwisho, na ujasiri pia. Kusimama raundi kumi na Hagler wa mwaka ule si kazi ya mwoga. Alichokosa ni mpango wa pili. Mtu aliyezoea kushinda mapema hana nafasi ya kujifunza afanye nini pale konde lake bora linapotua sawasawa na mwenzake bado anamtazama usoni. Swali hilo halijibiwi na mkono, na historia ya ngumi za Kampala, ukiisoma vizuri, ni historia ya watu waliolijibu na walioshindwa kulijibu.

Historia hiyo haikuanza na Mugabi. Mwaka 1958 Thomas Kawere alirudi kutoka Cardiff na medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1962, huko Perth, George Oywello alichukua dhahabu ya uzito wa juu. Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 ilileta medali mbili kwa mpigo: fedha ya Eridadi Mukwanga na shaba ya Leo Rwabwogo, na miaka minne baadaye, Munich, Rwabwogo akaibadili shaba yake kuwa fedha. Vijana walitoka mashuleni, jeshini, polisi, magereza na katika klabu ya Halmashauri ya Jiji, wakakutana uwanjani Lugogo, Kampala. Timu ya taifa ikaitwa The Bombers, na jina hilo linaonyesha wazi nchi ilikuwa ikijivunia nini: mlipuko.

Kulikuwa na sababu. Ngumi za ridhaa zilikuwa raundi tatu za dakika tatu tatu, jumla dakika tisa. Ndani ya dakika tisa, anayeanza kwa kishindo ana faida, na huna muda wa kumsoma mtu kwa utulivu. Pambano la ubingwa wa kulipwa katika miaka ya sabini lilikuwa raundi kumi na tano, yaani dakika arobaini na tano. Mapafu yanaweza kuzoezwa kwa mbio za alfajiri kupanda vilima vya Kampala. Kichwa kina mazoezi yake: kukubali kupoteza raundi mbili ili ujue mpinzani hupumua wakati gani, kuficha ngumi yako bora hadi aisahau, kutokasirika unapopigwa hadharani.

Bondia wa Kampala aliyelielewa hilo kuliko wengine, kwa maoni yangu, ni Ayub Kalule. Mwaka 1974 pekee alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, kisha dhahabu katika mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ngumi za ridhaa, mjini Havana.  Kisha akahamia Denmark, na mwaka 1976 akaanza ngumi za kulipwa. Oktoba 24, 1979, mjini Akita, Japani, alimshinda Masashi Kudo kwa pointi baada ya raundi kumi na tano na kuwa bingwa wa dunia wa WBA.

Kalule hakuwa na mbwembwe. Alikuwa mpiganaji wa mkono wa kushoto aliyekuja mbele hatua kwa hatua, uso hauonyeshi kitu, akikata njia za kutokea. Juni 25, 1981, mjini Houston, akiwa hajashindwa pambano hata moja, alikutana na Sugar Ray Leonard. Miezi saba tu kabla, Leonard alikuwa amemfanya Roberto Durán, mtu aliyeogopwa dunia nzima, ageuke na kukataa kuendelea. Leonard hakumwangusha Durán. Alimchezea, akamdhihaki mbele ya umati, hadi kiburi cha mwenzake kikamgeukia mwenyewe.

Dhihaka za namna hiyo hazikuwa na pa kuingilia kwa Kalule. Aliendelea kuja. Leonard alilazimika kupigana kweli, akapigwa pia, hadi mwishoni mwa raundi ya tisa alipopata mfululizo wa makonde uliomwangusha Kalule. Kalule akainuka, lakini mwamuzi akalisimamisha pambano ikiwa imebaki sekunde moja raundi iishe. Kalule alishindwa siku ile na mikono yenye kasi zaidi. Kichwani hakuvunjwa, na ndiyo maana mwaka 1985 bado alikuwa na uwezo wa kutwaa ubingwa wa Ulaya wa uzito wa kati.

Mabondia wa zamani wanajua kwamba hofu haiishi. Cus D'Amato, kocha wa New York aliyewalea Floyd Patterson na Mike Tyson, alikuwa akiwafundisha vijana wake kwamba hofu ni kama moto: ukiutawala unakupikia, ukikutawala unakuteketeza. Moyo unadunda, tumbo linakaza, macho yanaona sehemu ndogo tu ya mbele. Aliyefundishwa anajua hali hiyo ni ya mwili kujiandaa, anapumua, anasubiri ipite. Asiyefundishwa anaidhani ni dalili kwamba atapigwa, na anaanza kurusha ngumi ili tu hali hiyo iishe. Kaa karibu na ulingo wowote wa vijana utaiona tofauti hiyo ndani ya sekunde ishirini za kwanza. Mmoja anadanganya kwa bega na kutazama mwenzake anafunga wapi. Mwingine macho yako kwenye glovu, na kila bega likitikisika anaruka.

Jambo la kushangaza ni kwamba elimu hii sasa inajadiliwa kwa undani zaidi na vijana wasiovaa glovu. Tekken, mchezo wa video wa mapigano, ilitoka Japani mwaka 1994 kwenye mashine za kumbi za michezo, na toleo la tatu lilipofika kwenye PlayStation mwaka 1998 likaenea katika miji yetu yote. Kampala, kama Nairobi na Dar es Salaam, ina vyumba vyenye televisheni na mabenchi ambako vijana hulipia mchezo mmoja mmoja. Mpira ndio unaopendwa zaidi, lakini michezo ya mapigano ina watu wake, na ukiwasikiliza utadhani uko kwenye kona ya ulingo. Wanazungumza kuhusu tabia za mpinzani: hufanya nini akishaanguka, hukimbilia wapi akibanwa, konde gani analirudia akiwa na hasira.

Wana hadithi zao kuu pia. Mwaka 2004, katika Evo, mashindano ya michezo ya video ya mapigano, huko California, Daigo Umehara wa Japani, akicheza mchezo mwingine usio Tekken, alikuwa amebakiwa na uhai kidogo mno hata pigo lililokingwa lingemmaliza. Justin Wong wa Marekani akaachia mfululizo wa mateke kumi na tano. Namna pekee ya kupona ilikuwa kusukuma kidhibiti kuelekea kwa anayekupiga, teke moja baada ya jingine, kwa wakati kamili, na teke la kwanza lilitaka usukume kabla hujaliona. Umehara aliyapangua yote, kisha akashinda raundi ile. Kasi ya vidole peke yake isingetosha. Alijua Wong angeachia, na karibu wakati gani. Watu husahau kwamba Umehara huyo huyo hakuchukua ubingwa wa mwaka ule. Alishindwa fainali na Mjapani mwenzake, Kenji Obata. Aliendelea kushindana kwa miaka mingi baadaye.

Mwaka 2019 Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistani, nchi ambayo wakubwa wa Tekken hawakuwa wakiihesabu, alishinda Evo Japan na kisha Evo ya Las Vegas, akimfunga Mkorea anayeitwa Knee katika fainali. Alikua akicheza katika vyumba vya kawaida, dhidi ya watu waliokuwa wakimshinda kila siku. Karibu nasi yupo Sylvia Gathoni wa Nairobi, anayejulikana kama QueenArrow, ambaye mwaka 2018, akiwa mwanafunzi wa sheria, alisajiliwa na timu ya nje kwa ajili ya kucheza Tekken. Hakuna kati yao aliyefika hapo kwa kubonyeza vitufe haraka kuliko wengine. Baada ya kushindwa waliketi, wakairudia rekodi, wakauliza: nilikuwa nawaza nini hapa?

Bondia wa Uganda aliyepigana kwa akili ya namna hiyo, ingawa maisha yake yalikuwa magumu kuliko mchezo wowote, ni Kassim Ouma. Alichukuliwa akiwa mtoto mdogo na jeshi lile lile la NRA, akawa mmoja wa wale askari watoto walioitwa kadogo. Mwaka 1998 alisafiri na timu ya ngumi kwenda Marekani na hakurudi. Mwaka 2002 alipigwa risasi huko Florida, akapona. Oktoba 2004, Las Vegas, alimshinda Verno Phillips na kuwa bingwa wa IBF. Ouma hakuwa na konde la Mugabi. Silaha yake ilikuwa wingi: ngumi nyepesi zisizokoma, raundi baada ya raundi, hadi mpinzani akose nafasi ya kufikiri. Alimnyang'anya mtu kile ambacho Hagler alijipa mwenyewe mwaka 1986, yaani muda.

Mugabi naye hakuishia kwenye sakafu ya Las Vegas. Mwaka 1989 alitwaa ubingwa wa WBC, uzito ulio chini kidogo ya ule aliouwania kwa Hagler. Mwaka uliofuata Terry Norris akamwangusha katika raundi ya kwanza. Yule aliyewamaliza wengi mapema alimalizwa mapema.

Tuangalie tulipo. Fedha aliyoipata Mugabi huko Moscow mwaka 1980 ndiyo medali ya mwisho ya Olimpiki kwa ngumi za Uganda. Catherine Nanziri aliandika historia Tokyo mwaka 2021 kwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupigana ngumi katika Olimpiki, lakini hakuvuka pambano lake la kwanza. Vijana wenye mikono mizito hawajawahi kupungua katika mitaa ya Naguru wala Katwe. Tunawapa kamba ya kuruka, begi la kupiga na maneno ya kuwatia moyo, kisha tunawapeleka mbele ya watu ambao wamesoma kila pambano lao na wamefundishwa jinsi ya kupumua wakiwa na hofu.

Makocha wa Kampala, mapambano ya Kalule na Leonard, ya Mugabi na Hagler, yapo kwenye intaneti, bure kwa mwenye simu. Waketisheni vijana wenu wayatazame, msimamishe picha katikati ya raundi, na muwaulize kila mmoja angefanya nini hapo na kwa nini. Shirikisho la ngumi nalo liwatafute mabondia wa zamani walio hai, liwalipe, wawaeleze vijana kilichokuwa kikipita kichwani mwao usiku ule kabla ya kengele, wangali na sauti ya kusema.